Kona ya Mushumbusi

S.L.P. 318,
Nshambya,
Bukoba.

Alhamisi, 17 Novemba 1988

Mpendwa Tatento Gamaliel,

Nakusalimu kwa furaha ambayo karatasi hii haitoshi kuibeba. U hali gani huko Tanga? Mgongo wako je, bado unakusumbua ukipakua mizigo bandarini, au ile dawa ya kuchua aliyokutafutia Mama mdogo Kokugonza imesaidia? Na yeye mwenyewe hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule? Huku sote tu wazima. Mvua imenyesha vizuri, migomba imenyooka, na senene wameanza kuanguka, ingawa mwaka huu mimi nawasikia tu watu wakiwakimbilia, maana sitoki nje.

Ndiyo, baba yangu mdogo, sitoki nje. Mimi ni omugole, bibi harusi wa siku ishirini na sita! Naandika neno hilo na kulitazama, kisha nacheka peke yangu chumbani.

Barua yako na kile kitenge vilifika salama na meli ya Mwanza, siku mbili baada ya harusi. Usijilaumu tena kwa kukosa likizo. Wakati wa kuingia kanisani nilitazama kule nyuma ulikozoea kusimama, nikajisemea kwamba upo. Kitenge nimekishona gauni, na nitalivaa siku ya kutoka.

Sasa nikuambie habari za mume wangu. Nianzie wapi? Asubuhi, kabla hajaenda kazini kwenye kiwanda cha kahawa, Nathanael hunichemshia chai kwa mikono yake, mama yake akiguna pembeni ya jiko. Kisha hupita nje ya dirisha langu na kugonga kioo mara mbili kwa kidole. Jioni naitambua kengele ya baiskeli yake miongoni mwa baiskeli zote za Nshambya. Nikiisikia, moyo unanienda mbio kama niko darasa la saba. Ana mwanya mdogo mbele ambao huonekana akicheka kweli, si akicheka kwa adabu, na mimi kazi yangu ya kila siku ni kuutafuta huo mwanya. Usinicheke, Tatento. Uliniuliza kama nina furaha, nami nakujibu.

Nikuambie na hili, usiwe na wasiwasi juu yangu kwa jinsi mkoa wetu ulivyo sasa. Mwezi wa saba, kabla mchungaji hajatangaza ndoa, Nathanael mwenyewe alisema twende tukapime damu. Alisema amemwuguza kaka yake kwa mikono yake, kwa hiyo anajua anachosema. Tulisubiri majibu wiki tatu. Nilikonda, mama akadhani ni mawazo ya harusi. Siku tuliyopewa majibu tulitoka tumeshikana mikono mchana kweupe, tukapita sokoni hivyo hivyo, na aliyetaka kututazama alitutazama.

Mwishoni mwa barua yako ulinitania: sasa umeolewa, Lweru Rangers utamwachia nani? Tatento, hilo swali lako limenikuta pabaya, na sababu utaijua mbele. Lakini kwanza nikujibu kama ulivyonifundisha. Simwachii mtu. Nathanael nilimpata uwanjani Kaitaba, kwenye mvua, tukijikinga chini ya nailoni moja, na jambo la kwanza aliloniambia maishani mwangu ni kwamba refa hana macho. Ningekataaje mtu wa namna hiyo?

Lakini timu ya sasa siyo ile yenu. Golikipa wa sasa anaruka hata mpira unaokuja mikononi mwake, ili watu waseme ah! Wewe hukuwa ukiruka ovyo. Ulikuwa unasimama mahali mpira unapokwenda, kama mtu aliyeahidiana nao. Yule namba kumi wetu, kijana wa mtaa wa Bakoba, ambaye mji mzima unamwimba, anawapiga chenga watu watatu, kisha anarudi kuwapiga tena wale wale, kana kwamba amesahau kitu kwao. Nilishamwambia Nathanael kwamba huyo hatafunga goli la maana mpaka mimi nizeeke. Yeye anasema nina chuki. Sina chuki, nina kumbukumbu.

Namkumbuka Breki, beki wako wa kati, fundi wa mabasi, na mikono yake myeusi kwa grisi hata kwenye siku za fainali. Mshambuliaji akimkaribia, Breki hakukimbia. Alisimama tu, na yule mtu akapunguza mwendo mwenyewe. Alipokwenda vitani na mgambo nilidhani hata risasi zitapunguza mwendo. Mpaka leo mama yake hajaonyeshwa kaburi lake, na nikimkuta njiani simpiti bila kumpokea mzigo.

Namkumbuka Padri, winga wa kushoto, aliyekuwa ameacha seminari ya Rubya baada ya miaka miwili. Unakumbuka tulipowakimbia askari wa Amin tukaenda Muleba kwa ndugu? Watu walibeba masufuria na magodoro, na wewe ulibeba glovu zako mbili za udakaji, na bibi alikusema njia nzima. Kule Rubya mkacheza na waseminari, ninyi wakimbizi peku. Ndege ikapita, uwanja mzima ukalala chini, waseminari, refa, watazamaji, na mimi juu ya bibi. Padri peke yake akaendelea na mpira hadi golini, akafunga, akashangilia peke yake kati ya watu waliolala. Refa akalikataa kwa sababu hakuliona. Nimewasimulia wakwe zangu kisa hicho kupitia kwa wifi yangu Kemilembe, nami nasikia walicheka hadi mama mkwe akamwaga uji.

Na namkumbuka Mzee Jamnadas wa duka la nguo, aliyewapa jezi za manjano kwa kuwa alibakiwa na jora la kitambaa hicho. Mkewe, Taraben, alishona namba, na namba sita ikatoka kama tisa, basi mkawa na tisa wawili. Namkumbuka na lori lake lenye turubai la kijani, lililoegeshwa kila mechi mahali pale pale pembeni ya uwanja, na sisi watoto tukiparamia. Sasa amehamia Mwanza kwa mwanawe. Duka limebaki, lakini siku hizi wanauza betri na viberiti.

Wa mwisho ni Mushumbusi. Unajua kwamba Mushumbusi alikuwa kaka yake Nathanael, mtoto wa kwanza wa nyumba hii ninayoishi sasa. Ndiye aliyeuguzwa na mume wangu. Alifariki mwaka themanini na sita kwa UKIMWI huu, wakati watu bado wanauita Juliana na kuogopa kuingia kwenye nyumba ya msiba. Sasa nitakueleza nilivyofanya, nawe usinihukumu kabla sijamaliza.

Wenzangu wa mjini huku siku hizi hukaa ndani wiki moja tu, tena kwa kutania. Lakini mama mkwe wangu ni mtu wa zamani. Nakaa mwezi mzima, napakwa siagi, nakula ndizi za kunenepesha, sishiki jembe wala ndoo. Na wanashika jambo jingine: baba mkwe hasikii sauti ya bibi harusi mpaka yeye mwenyewe amfungue kinywa kwa zawadi. Mzee Rugaibula, baba mkwe wangu, hakuwa na haraka. Basi nilikuwa nanong'ona tu, na mama mkwe na Kemilembe, kama watu walio kanisani.

Jumapili ya tarehe sita Lweru ilicheza na timu ya Mwanza. Nathanael alikwenda. Mimi nilikaa kitandani nikisikiliza, maana upepo ukitoka ziwani kelele za Kaitaba hupanda mpaka huku. Mzee Rugaibula miguu imemchoka, alikuwa sebuleni na rafiki yake, yule mstaafu wa Posta, wanatafuna kahawa na kunywa lubisi, pombe ya ndizi. Ukuta wa chumba changu haufiki juu, kwa hiyo kila neno nalipata.

Kelele zikapanda.

“Goli!” akasema Mzee wa Posta.

Nikamnong'oneza Kemilembe kwamba siyo, limepita juu. Kelele ya goli hailegei namna ile mwishoni. Kweli, baadaye tuliambiwa lilipita juu.

“Goli gani?” Mzee Rugaibula akamjibu. “Hawa wa siku hizi wanafunga? Goli lilikuwa mwaka sabini na saba.”

“Haya, lete. Nimelisikia mara mia.”

“Basi leo ni mia na moja. Fainali. Dakika ya themanini na saba, bila kwa bila. Inapigwa kona. Mwanangu Mushumbusi anapaa, anapaa juu ya watu wote, kichwa! Nyavu!”

Na mimi, Kokwijuka, mtoto uliyemfundisha mwenyewe, nikiwa nimepakwa siagi na kufunikwa kitenge, nikapaza sauti juu ya ukuta:

“Hapana, baba! Mushumbusi ndiye aliyepiga kona! Goli ni la Omary!”

Tatento, umewahi kudaka mpira vizuri, halafu ukatazama chini na kukuta umeshaingia nao ndani ya goli? Basi ndivyo nilivyokuwa. Mama mkwe alinirukia akaniziba mdomo kwa kiganja chenye utomvu wa ndizi. Kisha Mzee wa Posta akasema, “Rugaibula, kumbe mmeoa mtangazaji wa redio,” akaanza kucheka, akaona anacheka peke yake. Nikasikia mkongojo wa baba mkwe ukitoka nje kuelekea migombani.

“Mwezi hata haujaisha!” mama mkwe akanong'ona, na mnong'ono wake ulikuwa mkali kuliko kelele. “Kwenu ulifundishwa mpira tu?”

Nililia mpaka Nathanael aliporudi. Nilidhani nitarudishwa kwetu Kashozi na kikapu changu. Hakunikaripia. Alikaa pembeni yangu, akanieleza kosa langu hasa lilikuwa nini, na lilikuwa kubwa kuliko sauti. Tangu msiba, alisema, baba yake hajaweza kulitaja jina la Mushumbusi ila ndani ya habari ya lile goli. Hapo tu ndipo anaweza kulisema bila kulia. Nathanael mwenyewe mwaka ule alikuwa kwa bibi yao Rubya, hakuiona mechi, lakini watu walishamwambia kimya kimya kwamba goli si la kaka yake. Hata Omary anajua. Omary bado ana bucha sokoni, na nyama ya harusi yetu tulichukua kwake. Mzee akienda pale humsimulia Omary goli la Mushumbusi, na Omary, kisu mkononi, humjibu, “Kweli, mzee, lile lilikuwa goli.” Miaka miwili mtu anampa mwenzake goli lake, goli la maisha yake, kila Jumamosi, pamoja na nyama. Na mimi nikalinyang'anya kwa pumzi moja, mbele ya mgeni.

Siku tatu mzee hakuuliza hata kama nimekula. Sikuwa nimewahi kujua kwamba mtu anaweza kuwa na furaha ya ndoa na aibu ya namna ile ndani ya kifua kimoja.

Siku ya nne Kemilembe akaingia chumbani na jogoo mwekundu kwapani na doti ya kanga begani. Akaniambia maneno ya baba yake kama alivyotumwa: “Mwambie alifungua kinywa bila ruhusa. Sasa akifungue kwa ruhusa, aje amalize alichoanza.”

Nikaenda nikipiga magoti tangu mlangoni. Alikuwa peke yake. Hakunitazama.

“Mwaka ule ulikuwa na umri gani?”

“Miaka kumi, baba.”

“Mtoto wa miaka kumi. Ulikuwa umekaa wapi, hata ukaona kuliko watu wazima?”

Nikamwambia. Wewe unajua, Tatento. Siku zote nilikaa nyuma ya nguzo yako kukushikia taulo. Lakini kipindi cha pili watu walizidi, ukanifukuza nisikanyagwe, nikazunguka uwanja mzima na kuishia kwenye kibendera cha kona ya upande wa ziwa. Mushumbusi alipokuja kupiga ile kona nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Aliniambia, “Mtoto, sogea, usije ukapata mguu.” Akaufuta mpira kwa upindo wa jezi, akauweka, hakupenda, akauinua akauweka tena. Akaupiga.

“Ukamfikia Omary,” mzee akasema taratibu.

“Ndiyo, baba. Kichwani kabisa. Omary hakuruka hata kidogo. Lakini Mushumbusi hakuliona goli lenyewe.”

Hapo ndipo alipogeuka kunitazama kwa mara ya kwanza tangu nimeingia nyumbani kwake.

“Hakuliona vipi? Ana macho.”

“Aliupiga, halafu akaugeuzia mgongo kabla haujashuka. Nilishangaa, ndiyo maana nakumbuka. Watu wote walitazama golini, yeye anatazama watu.”

“Anamtafuta nani?”

“Sijui, baba.”

Jogoo akawika huko jikoni, na hakuna aliyecheka. Kisha akanieleza jambo ambalo, anasema, hata mama mkwe hajui, na ambalo ameniruhusu nikuandikie wewe kwa sababu ulimjua mwanawe.

Mzee hakutaka Mushumbusi acheze mpira. Alimwambia mara nyingi kwamba mpira ni kazi ya watu wasio na shamba. Hakuwahi kukanyaga Kaitaba, na mwanawe alijua hivyo. Lakini siku ya fainali alishindwa kukaa nyumbani. Alivaa koti la mvua, akashuka mjini, akasimama kando ya lori la Jamnadas nyuma ya watu warefu, asionekane. Dakika tisini aliona migongo tu. Watu waliporuka, akamshika bega mtu wa mbele, akamwuliza nani amefunga, na yule mtu, kwa vile alimfahamu, akamkumbatia akisema, “Mwanao, mzee! Mwanao!” Akaamini. Akarudi nyumbani haraka ili amtangulie Mushumbusi, akavua koti, akakaa. Kijana alipoingia na kelele zake, mzee akamwuliza kama amelisha ng'ombe.

Hakumwambia kamwe kwamba alikwenda. Alikuwa anasema moyoni atamwambia. Vita ikaja, kisha ikaisha, kisha ugonjwa. Hata Mushumbusi alipokuwa amelala pale chumba cha nyuma, mzee anasema, kila asubuhi aliingia akiwa na neno hilo, na kila asubuhi akaishia kumwuliza kama ameamka salama.

Basi sasa, Tatento, ndilo ombi la barua hii. Wewe na Mushumbusi mlivaa jezi chumba kimoja miaka sita. Mlikula pamoja baada ya fainali ile, nakumbuka, maana nilipewa soda. Aliwahi kukuambia siku ile alikuwa anamtafuta nani? Mzee amenituma nikuulize. Mimi nakuomba uandike ukweli tu, hata kama alikuwa anamtafuta msichana, hata kama alikuwa hatafuti mtu. Uongo wa huruma tulishaupata wa kututosha, tena mzuri, na mimi niliuvunja. Siwezi kumletea mwingine.

Nasimamisha kalamu hapa kwa sababu Jumamosi natolewa nje, nami nataka nikueleze na hilo kabla sijafunga bahasha.

Jumatatu, 21 Novemba

Nimetoka, Tatento! Nimetoka nikiwa na gauni la kitenge chako, jembe begani na kikapu kichwani, wanawake wakiimba, nikalima mistari miwili ya mahindi vibaya kabisa mbele ya watu wote. Mama mkwe alisema afadhali nimechekesha. Nathanael alisimama chini ya migomba akijifanya ana kazi pale, na mwanya wake uko wazi kabisa.

Jumapili tulipotoka kanisani, mzee akasema anataka kwenda Kaitaba. Mama mkwe akamwambia amekosa akili, miguu hiyo, tena na omugole aliyetoka jana! Mzee akasema anayemhitaji ni huyo huyo omugole, kwa sababu ndiye anayejua mahali. Nathanael akampakia kwenye baiskeli, akaisukuma taratibu kutoka Nshambya hadi uwanjani, mimi nikitembea pembeni nimeshika mkongojo. Watu wa njiani walituamkia wakigeuka mara mbili.

Nilimpeleka kwenye kona ya upande wa ziwa. Mechi ilikuwa imeanza. Nikamwonyesha: hapa kibendera, hapa mimi, hapa yeye. Mshika kibendera alitufukuza, Nathanael akamwambia jambo sikioni, akatuacha. Mzee akasimama pale Mushumbusi aliposimama. Akautazama uwanja kidogo tu. Kisha akaugeuzia mgongo, nami nikageuka pamoja naye, na Nathanael akageuka pia, tukawa watu watatu tunaotazama watu badala ya mpira.

Lori la Jamnadas halipo tena, lakini mahali pake panajulikana, nyasi hazijaota vizuri. Tatento, si mbali hata kidogo. Mtu akisimama pale kando, hata nyuma ya watu warefu, anayetazama kutoka kwenye kona hazuiwi na kitu. Pale ubavuni palikuwa na mwanamke anauza karanga, nikaona mpaka rangi ya hereni zake.

Mzee alikuwa bado anatazama pale wakati uwanja mzima uliporuka. Kelele zilitupiga mgongoni kama mvua ya mawe, na sisi watatu hatukuona kitu!

Mzee akamshika bega mtu wa karibu. “Nani amefunga?”

“Yule namba kumi wa Bakoba, mzee! Shuti la mbali!”

Akamshukuru. Akageukia mwingine, akamwuliza swali lile lile. Kisha akajikokota na mkongojo wake hadi kwa yule mama wa karanga, akamwuliza na yeye. Wote watatu waliposema jina moja, ndipo alipopiga makofi. Nami nimemwomba radhi yule namba kumi moyoni, ingawa chenga zake bado ni nyingi.

Wakati wa kurudi, tulipofika kwenye kilima cha Nshambya na Nathanael anapumua kwa nguvu, nilimwuliza mzee kama bado nikutumie swali lake. Alinijibu tulipolifikia lango.

“Mtumie,” akasema. “Lakini mwambie mwenzetu, pale penye lori panaonekana.”

Jumamosi ijayo nitamsindikiza kwa Omary. Anasema nyama atachagua mwenyewe, na goli atalirudisha mwenyewe, mimi nikae kimya. Nimeahidi.

Nisalimie sana Mama mdogo Kokugonza, mwambie kitenge kimenikaa kiunoni kama kilipimwa. Wasalimie watoto wote mmoja mmoja. Bibi wa Kashozi anakusalimu, na anauliza kama zile glovu bado unazo, maana sufuria uliyoiacha kwa ajili ya glovu hizo anaikumbuka. Nathanael anakuamkia kwa heshima na kukuita baba. Mungu aulinde mgongo wako, abariki mikono yako iliyodaka mengi, na atupe kuonana kabla nywele zako hazijawa nyeupe zote. Ukija, utakaa na mzee wangu pale kwenye kona, na mimi nitawashikia taulo.

Wako akupendaye, mwenye furaha kuliko wanawake wote wa Bukoba,

Kokwijuka